Shule za bweni Dodoma: tuchore eneo zima kwanza, au tujenge kadiri ada inavyoingia?

Mwaka juzi, mwezi wa saba, nilikuwa kwenye shule moja ya bweni pembezoni mwa jiji la Dodoma wakati gari la majitaka lilipokuja kunyonya shimo. Halikulifikia. Kati ya lango na shimo limekaa bweni la wasichana, limechukua upana wote wa kiwanja, huku ukuta na huku ukuta. Vijana wa gari wakaunga mipira mitatu, wakaiingiza mlango wa mbele wa bweni, ikapita katikati ya vitanda, ikatokea mlango wa nyuma. Matroni alikuwa anawahimiza wasichana wapandishe masanduku yao ya bati juu ya magodoro. Mpira ulikuwa unavuja kwenye maungio.

Meneja alinieleza bila kuficha. Shimo lilichimbwa mwaka wa kwanza, shule ikiwa na madarasa mawili tu. Bweni lilikuja mwaka wa nne, wazazi walipoanza kuulizia nafasi za kulala, na sehemu iliyokuwa imebaki wazi ni hiyo. Kila jengo, siku lilipojengwa, lilikuwa na sababu yake.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwauliza wenye shule binafsi wa huku swali moja: je, shule ichore mpango kabambe wa eneo lake lote kabla ya kupiga tofali la kwanza, au ijenge darasa kwa darasa kadiri fedha zinavyopatikana? Wengi wanajibu hili la pili, na sababu zao si za kupuuzwa.

Ya kwanza ni fedha. Usajili haupatikani kabla ya kuwa na madarasa, vyoo na ofisi zinazokaguliwa, na ada haianzi kuingia kabla ya usajili. Katika kipindi hicho mmiliki anaishi kwa akiba na mkopo. Kumwambia alipe msanifu majengo, mpimaji na mhandisi wachore bwalo litakalojengwa baada ya miaka tisa ni kumwomba fedha ya paa la darasa analolihitaji Januari.

Ya pili ni nzito zaidi: sera hubadilika. Machi 2023 Wizara ya Elimu ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Shule zilizokuwa zimejenga mabweni ya wadogo zikabaki na vyumba vyenye vitanda vifupi na masinki ya chini. Sera ya elimu iliyozinduliwa hapa hapa Dodoma tarehe 1 Februari 2025 inaifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita badala ya saba, na mkondo wa amali (mafunzo ya kazi na ufundi) unadai karakana ambazo hakuna aliyekuwa akizifikiria. Aliyechora shule yake yote mwaka 2018 hadi rangi ya milango, leo anachora upya.

Na Dodoma wenyewe tuna somo letu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku ulifanyika 1973, na mwaka 1976 kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, ikakamilisha mpango kabambe wa mji. Serikali ilihama kwa kasi kuanzia 2016, miaka 40 baadaye. Katikati hapo CDA, mamlaka ya ustawishaji makao makuu, ilikuwa ikiulinda mpango, na watu wengi waliokuwa wakiishi na kulima ndani ya maeneo yaliyotengwa wakajikuta wanaitwa wavamizi. Malalamiko ya ardhi yalirundikana mpaka Mei 2017 mamlaka hiyo ikavunjwa. Mwenye shule anayesema michoro mikubwa huishia kabatini au huishia kwenye ugomvi ana ushahidi mlangoni kwake.

Hata hivyo, hoja hizi zote zinagusa majengo. Mimi wasiwasi wangu uko chini ya majengo na katikati yake.

Chukua maji. Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Bweni lenye paa la mita za mraba 400 likiwekewa mifereji mizuri hukusanya kama lita 180,000 kwa msimu, ukiondoa zinazopotea. Shule ya wanafunzi 400 wanaotumia lita 20 kila mmoja hutumia lita 8,000 kwa siku. Paa hilo moja basi ni siku 22. Anayesema mvua haitoshi ana haki, na kisima kirefu bado kinahitajika, ingawa visima vingi vya huku hutoa maji ya chumvi. Lakini weka mapaa manane yanayomwaga upande mmoja, kwenye tangi la ardhini lililojengwa sehemu ya chini ya kiwanja, na hesabu inakuwa nyingine kabisa. Shida ni kwamba mapaa manane yaliyojengwa bila kuangaliana hayamwagi upande mmoja. Kila moja linahitaji tangi lake na bomba lake, na pampu nayo inanunuliwa upya.

Maji yasiyokusanywa huchimba. Mvua zetu huja kwa fujo, juu ya ardhi iliyokauka miezi saba. Watu wa Kondoa hawahitaji kuelezwa: mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973 kwa sababu ya makorongo, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lote lililomomonyoka. Nimeona viwanja vya shule vilivyosafishwa kwa greda siku moja, migunga yote ikang'olewa, halafu baada ya misimu mitatu mtaro wa kupitisha maji umekuwa korongo linalofukua msingi wa maabara. Miti ile ingeachwa ingegharimu nini? Ilihitaji mtu mmoja tu wa kuipigia alama kabla greda halijafika. (Nasema hivi kwa uchungu, maana mgunga uliokatwa leo hakuna mwanafunzi aliyepo atakayekaa kwenye kivuli cha mwingine kama huo.)

Upepo pia. Wakati wa kiangazi kwa kawaida unatoka mashariki, kwa hiyo jiko likikaa mashariki ya madarasa, moshi na vumbi vinaingia darasani. Madirisha yakitazama kaskazini na kusini, jua la saa tisa halimpigi mtoto usoni. Hayo hayaongezi hata mfuko mmoja wa saruji.

Halafu kuna moto, na hapa sioni pande mbili. Agosti 2009 wasichana 12 walikufa bwenini katika sekondari ya Idodi, mkoani Iringa, jirani zetu. Septemba 2020 watoto 10 walikufa kwa moto katika shule ya Byamungu, Kagera. Mlango wa pili wa bweni, dirisha lisilo na nondo za kudumu, njia ya gari la zimamoto na uwanja wa kukimbilia ni vitu vya kuamuliwa kabla ya msingi. Bweni lile la wasichana, ambalo gari la majitaka halikuweza kulipita, gari la zimamoto nalo halilipiti.

Kuna mfano wa Kongwa ambao pande zote mbili huutumia. Mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ulipokufa, majengo yake yalitumika kama shule ya bweni ya watoto wa Kizungu kwa miaka kadhaa. Kumbe shule inawezekana bila mchoro wake. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1950 ilihamishiwa Iringa, kwenye eneo lililopangwa kwa ajili ya shule. Eneo hilo limekuja kuwa sekondari ya Mkwawa, chuo cha ualimu, na tangu 2005 chuo kikuu kishiriki. Matumizi yamebadilika mara tatu na barabara zake za ndani bado zinafanya kazi.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Ardhi ipangwe kwa ukali, majengo yapangwe kwa ulegevu. Mpimaji achukue miinuko ya kiwanja. Njia ya gari kubwa, njia ya mabomba, mkondo wa maji ya mvua, mahali pa mashimo, miti ya kubakizwa na uwanja wa wazi vichorwe kwenye karatasi moja, na karatasi hiyo ibandikwe ofisini ambapo bodi, meneja na fundi wataiona. Jengo gani likae kwenye nafasi ipi, hilo liamuliwe mwaka fedha zitakapopatikana, bweni au karakana. Na nafasi zisitawanywe kupita kiasi kwa sababu ekari zipo, maana kila mita ni bomba, waya, na mlinzi wa kuizunguka usiku.

Shule ile ya mipira mitatu sasa inazungumza na jirani yake aiuzie kipande cha mita 4 pembeni ya ukuta, ili gari lipite. Mara ya mwisho nilipouliza, bei aliyotaja jirani kwa kipande hicho ilikuwa inazidi ile waliyonunulia kiwanja kizima.