Kabla ya kusaka SPSS, washa kilichomo ndani ya Excel

Msimu wa tasnifu ukikaribia, flashi zenye nakala za wizi za SPSS, programu ya kuchambua takwimu, huanza kupita mkono kwa mkono mabwenini, na virusi vikiwa humo humo. Msimamo wangu ni kwamba wengi wanaozisaka hawazihitaji. Mwenye dodoso 120 anayetaka wastani, mkengeuko sanifu, jaribio la t (la kulinganisha wastani wa makundi mawili), ANOVA ya njia moja (ya makundi zaidi ya mawili) na rigresheni ya mstari (ya kuona kigeu kimoja kinavyobadilika kufuatana na vingine), vyote hivyo anavyo tayari kwenye kompyuta yake. Viko ndani ya programu-jalizi inayokuja na Excel, Analysis ToolPak, yenye zana 19. Haina malipo ya ziada. Inasubiri kuwashwa tu.

Fungua File, kisha Options, kisha Add-ins. Hapo ndipo wengi wanapokwama: wanaliona jina Analysis ToolPak kwenye orodha ya juu, wanalibofya, na hakuna kinachotokea. Orodha ile ni ya kutazama tu. Shuka chini kabisa kwenye kisanduku cha Manage, hakikisha kimeandikwa Excel Add-ins, bofya Go, tia tiki kwenye Analysis ToolPak, kisha OK. Ile nyingine yenye neno VBA ni ya wanaoandika makro, iache. Sasa nenda kichupo cha Data. Upande wa kulia kabisa utaona Data Analysis. Kwenye Mac pita menyu ya Tools, Excel Add-ins. Matoleo ya Mac ya 2008 na 2011 hayakuwa nayo, ikarudi kwenye toleo la 2016. Excel ya simu na ya kwenye kivinjari haina kabisa, kwa hiyo usipoteze bando kuitafuta huko. Anayetumia LibreOffice hana cha kuwasha: zana kama hizo ziko chini ya Data, Statistics.

Kuwasha ni kazi ya dakika moja. Kinachokula siku nzima ni data chafu. Tuseme safu A ina kilo za mbolea kwa ekari, B milimita za mvua, C magunia ya mahindi, mashamba 120, vichwa vikiwa mstari wa kwanza. Unaendesha Regression na unajibiwa kuwa "Input range contains non-numeric data". Unatazama, namba zote unaziona. Ukweli ni kwamba kuna seli mtu aliandika "45 kg", nyingine ina kistari badala ya namba, nyingine ilinakiliwa kutoka tovuti ikaja na nafasi isiyoonekana. Andika pembeni =COUNTA(A2:A121)-COUNT(A2:A121), na ufanye hivyo kwa kila safu. Jibu lisipokuwa sifuri, hizo ndizo seli ambazo Excel inazisoma kama maneno. Nafasi ile isiyoonekana ni CHAR(160), na TRIM haiigusi; tumia =VALUE(SUBSTITUTE(A2,CHAR(160),"")). Kwa wenzetu wa Lubumbashi na Bujumbura, ambako Windows nyingi zimewekwa Kifaransa, desimali ni koma, hivyo faili lenye 3.5 kutoka Nairobi huweza kusomwa kama maneno matupu. Dawa yake ni Text to Columns, hatua ya tatu, kitufe cha Advanced, ambako unaieleza Excel alama ipi ndiyo desimali.

Safu za vigeu huru, hapa mbolea na mvua, lazima zikae zikigusana, na zisizidi 16. Kisha kuna kisanduku cha Labels. Ukichagua vichwa bila kukitia tiki, unapata kosa lile lile la juu, na afadhali hilo kwa kuwa unaliona. Ukikitia tiki wakati hukuchagua vichwa, shamba la kwanza linamezwa kama kichwa na huambiwi lolote. Kwa hiyo jambo la kwanza la kusoma kwenye matokeo ni Observations, yaani idadi ya mashamba yaliyohesabiwa. Kama si 120, usiendelee.

Sasa lile linalonisumbua kuliko yote. Karibu matokeo yote ya ToolPak ni namba zilizoganda. Ukisahihisha seli moja ya data baada ya kuendesha, jedwali la rigresheni halibadiliki hata kidogo, wala hakuna rangi inayokuonya. Tasnifu inafika kwa msimamizi ikiwa na data mpya na matokeo ya zamani. Moving Average na Exponential Smoothing, zana za kulainisha mfululizo wa namba, huacha fomula zilizo hai. Kwa rigresheni, weka kando ya jedwali fomula hii: =INDEX(LINEST(C2:C121,A2:B121,TRUE,TRUE),3,1). Inatoa R Square (sehemu ya tofauti za mavuno inayoelezwa na mbolea na mvua) iliyo hai. Ikitofautiana na ile ya jedwali, endesha upya. Ukitaka kutumia LINEST peke yake, kumbuka inapanga vipimo kinyumenyume: cha mvua kitatangulia, cha mbolea kitafuata, na namba ya mwanzo (Intercept) itakaa mwisho.

Zipo zana zinazohitaji uangalifu wa ziada. Exponential Smoothing inaomba Damping factor, ambayo ni 1 kutoa alfa (uzito wa data mpya); anayeandika 0.2 akidhani ni alfa amepata alfa ya 0.8, yaani karibu hakuna ulainishaji. Covariance, inayopima vigeu viwili vinavyobadilika pamoja, hugawanya kwa n (idadi ya data), si n-1, kwa hiyo haitalingana na fomula ya COVARIANCE.S. Kwa jaribio la t la makundi mawili tofauti, chagua lile la Unequal Variances bila kusitasita: makundi yakiwa na utawanyiko sawa hupotezi kitu cha maana, na yasipokuwa sawa umejikinga. Aliyepima watu wale wale kabla na baada ya mafunzo atumie Paired, na hapo si suala la kupenda.

Mipaka ipo, na ni ya kweli. ANOVA ya njia mbili yenye marudio hudai kila kundi liwe na idadi sawa ya safu mlalo, na data ya mashambani mara nyingi haiko hivyo. ANOVA ikisema makundi yanatofautiana, ToolPak haina jaribio la Tukey la kuonyesha ni yapi. Rigresheni ya lojistiki haipo, kwa hiyo swali la "alipata chanjo au hakupata" lisilazimishwe kwenye rigresheni ya mstari. Ukifika hapo pakua programu za takwimu za jamovi au R: zote ni bure na halali, na jamovi ina menyu ambazo aliyezoea SPSS hatapotea ndani yake.