Walishiba, na bado walimtafuta Mungu

Baba yangu mdogo wa Machame ana hoja moja asiyoichoka: Wazungu wamemwacha Mungu kwa sababu wameshiba. Kila nikipiga simu lazima aipitie, baada ya shikamoo na kabla ya habari za migomba. Kwenye simu namwitikia, "Ndiyo, baba." Humu naweza kumbishia kwa raha zangu, maana simu yake ni kitochi.

Naishi Oakland, ng'ambo ya ghuba ukitoka San Francisco, na kazi yangu ni kuangalia wazee majumbani kwao. Nilianza na kubeba maboksi kama wengi wetu, mgongo ukaniambia nitafute kingine. Wazee ninaowaogesha leo ndio waliokuwa vijana miaka ya sitini, wale ambao kwetu waliitwa mahipi na habari yao ikaishia kwenye bangi na nywele ndefu. Bangi walivuta, wala hawafichi. Lakini ukikaa nao utashangaa jinsi walivyohangaika na Mungu kuliko wanakwaya wengi ninaowafahamu.

Bibi mmoja (yeye anataka nimwite kwa jina lake, mdomo wangu unakataa) aliondoka kwao Ohio mwaka 1967 akiwa na miaka 19, akaomba lifti barabarani mpaka San Francisco. Juu ya kabati lake kuna Biblia aliyopewa kanisani akiwa mtoto, shanga 108 za kusalia za Kihindu, na mto mweusi wa duara ambao Wabudha hukalia wakitafakari. Siku hizi anaulalia paka. Binti yake alishanionya nisimwanzishe habari za dini, hatanyamaza. Hakuna aliyemwanzisha. Nilikuwa namkata kucha za miguu, akaniuliza mwenyewe: "Wewe dini yako uliichagua lini?"

Nilimweleza kipaimara. Miaka miwili ya mafundisho Jumamosi, gauni jeupe, pilau, keki, mbuzi. Katekisimo yetu ya Kilutheri ina swali zuri sana chini ya kila amri: maana yake nini? Na jibu limepigwa chapa hapohapo chini yake, kazi yako ni kulikariri. Bibi alicheka mpaka nikaogopa kumkata kidole.

Sasa turudi kwa baba mdogo. Anadhani vijana wale walitoka kwenye nyumba zisizo na dini. Ni kinyume kabisa. Marekani ya miaka ya hamsini ilikuwa ikijaza makanisa. Mwaka 1954 bunge lao liliingiza jina la Mungu kwenye kiapo cha bendera ambacho watoto hukisema shuleni, na mwaka 1956 "Tunamtumaini Mungu" ikawa kaulimbiu rasmi ya taifa. Nyumba ilikuwepo, gari lilikuwepo, televisheni ilikuwepo, na Jumapili baba alivaa tai. Bibi anasema kwao ungeweza kuuliza jambo lolote mezani isipokuwa mawili: vita vya Vietnam, na kama baba anaamini kweli yale anayoyaimba kanisani. Aliuliza yote mawili katika chakula cha jioni kimoja. Wiki ileile alikuwa barabarani.

Tarehe 14 Januari mwaka huo wa 1967, watu zaidi ya elfu 20 walikusanyika Golden Gate Park, bustani kubwa ya San Francisco. Timothy Leary, mwanasaikolojia aliyekuwa amefukuzwa Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1963, aliwahubiria waache mfumo na wafungue akili kwa LSD, dawa ya kulevya ambayo California ilikuwa imeipiga marufuku miezi mitatu tu nyuma. Kiangazi kilipofika, vijana walimiminika mtaa wa Haight-Ashbury, San Francisco, kiasi cha kukosa pa kulala. Kliniki ya bure ilifunguliwa Juni kuwatibu. Tarehe 6 Oktoba wenyeji wa mtaa wakafanya mazishi ya kuigiza, wakabeba jeneza na kumzika "hipi", kwa kuchoshwa na vyombo vya habari na watalii.

Wengi hukomea hapo kwenye jeneza. Mimi kinachonivutia ni walikokwenda baadaye. Mwenzake Leary wa Harvard, Richard Alpert, alifika India mwaka huohuo na kurudi akiitwa Ram Dass. Wanamuziki wa Beatles wakaenda Rishikesh, India, mwaka 1968. Wengine hawakuhitaji kusafiri: mtawa wa Kihindu, Swami Prabhupada, alikuwa ameshafika New York mwaka 1965 kwa meli ya mizigo, mzee wa miaka 69, na mwaka uliofuata akaanzisha jumuiya ya Hare Krishna. San Francisco kulikuwa na Shunryu Suzuki, mtawa wa Kibudha kutoka Japani, aliyeletwa mwaka 1959 kuwahudumia Wajapani wa mjini. Vijana wa Kizungu wakaanza kumfuata alfajiri, wakakaa kimya naye wakitazama ukuta. Na wako waliorudi kwa Yesu, lakini miguu pekupeku, wakabatizwa kwa mamia baharini kule Corona del Mar, California. Wachache walitembea mbali zaidi, mpaka Lamu. Wazee wa Lamu wana hadithi zao, niwaachie wenyewe.

Bibi yangu alipita karibu kote. Kwa Wakrishna alivutwa na chakula cha bure, anakiri, akabaki kwa ajili ya nyimbo. Kwa Suzuki alivumilia maumivu ya magoti. Kwa watu wa Yesu alidumu mpaka alipokatazwa kusema mbele ya wanaume. Leo ni Mkweka, dhehebu la Kikristo linalosali kimya, anakaa na wenzake saa nzima Jumapili bila mahubiri. Tuna mwenzetu wa shifti ya usiku kutoka Vihiga, Mkweka wa kuzaliwa, kwao wamishonari walifika Kaimosi mwaka 1902. Alikwenda kusali nao mara moja. Alirudi amekasirika: hakuna ngoma, hakuna wimbo, hata salamu za mgeni hakuna!

Baba mdogo naye alikuwa kijana mwaka 1967. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari, wiki tatu baada ya mkutano wa Golden Gate Park, na vijana wa rika la bibi yangu wakawa wanatembea kwa miguu kuliunga mkono. Kisha ikaja Operesheni Vijana, kuanzia Januari 1969, sketi fupi na suruali za kubana zikasakwa mitaa ya Dar es Salaam. Kijana aliulizwa atalifanyia nini taifa. Hilo ni swali la heshima, silidharau, na lilijenga shule niliyosoma. Ila anaamini nini na kwa nini, hakuulizwa na chama wala kanisa.

Najua jibu la wa nyumbani: angalau sisi tuna ukoo. Kweli. Kaka yangu mkubwa alipohamia kwa walokole, shangazi alipanda basi kutoka Tanga na kikao kikakaa siku mbili. Huku mzazi alibandika picha ya mtoto kwenye ubao wa matangazo pale Haight, akarudi Ohio kusubiri simu. Mtoto wa peke yake ni rahisi kuokotwa na mwalimu yeyote mwenye sauti tamu. Kanisa la Peoples Temple, lililokuwa na makao San Francisco, liliishia Guyana mwaka 1978, watu zaidi ya 900 wakafa.

Lakini ukoo usitulevye. Kanungu, Uganda, mwaka 2000, mamia ya wafuasi wa dhehebu moja walikufa. Shakahola, Kenya, mwaka 2023, ilifukuliwa zaidi ya miili 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja, na wengi walikufa kwa njaa. Hao walikuwa na shangazi. Walikuwa na vikao. Walichofanana na wale wa Guyana ni kwamba mbele ya kiongozi wao kuuliza kulikuwa dhambi, na wengi wetu tumelelewa hivyohivyo, kwa upole zaidi tu. Hata bibi, mahali pote alipotoka salama, alitoka kwa sababu ya mdomo wake. Alipoambiwa anyamaze, alichukua mkoba.

Ndiyo maana mwanangu wa miaka 15 alipotamka kwamba mwaka huu hapokei kipaimara kwa kuwa hajui kama anaamini, sikumchapa wala sikumwitia mchungaji. Anaendelea kuja ibada ya Kiswahili, anakaa nyuma, anaandika kwenye daftari. Dada yangu aliyeko Texas anasema Marekani imenilegeza. Mchungaji anasema nisubiri nione. Wote wawili nimewakaribisha Jumamosi wale wali kwangu na wamjibu mtoto maswali yake. Daftari linakaribia kujaa, na ukurasa wa kwanza ni Utatu.