Tuma na ya kutolea

Kila Mtanzania mwenye ndugu kijijini anaijua sentensi hii: "Ukituma, weka na ya kutolea." Mama anaomba elfu ishirini ya dawa. Ukimtumia elfu ishirini kavu, kwa wakala hataondoka na elfu ishirini, kwa hiyo unaongeza vijisenti juu yake. Neno hilo hulisikii kwenye makongamano ya uchumi wa kidijitali, ambako husemwa zaidi juu ya ubunifu na vijana. Kwangu mimi, swali zima la teknolojia kufufua uchumi baada ya korona limejificha humo: nani anakata, anakata kiasi gani, na anakata wakati gani.

Tuanzie Kenya, maana huko lilifanyika jaribio ambalo hakuna mtafiti ambaye angeruhusiwa kulifanya katika siku za kawaida. Machi 13, 2020 walitangaza mgonjwa wa kwanza. Siku tatu baadaye Benki Kuu ya Kenya ikatangaza kwamba kutumiana pesa kwa simu hadi shilingi 1,000 hakuna makato. Kiwango cha juu cha muamala mmoja kikapandishwa kutoka shilingi 70,000 hadi 150,000. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kiafya, kwamba watu waache kupeana noti mkononi. Utaratibu huo ulipangwa kwisha Juni, ukaongezwa hadi mwisho wa Desemba.

Matokeo yake yalizidi suala la noti. Kwa hesabu za Benki Kuu hiyo, kati ya Februari na Oktoba 2020 idadi ya miamala ya mtu kwa mtu ilipanda kwa asilimia 87, na watumiaji wapya milioni 2.8 wakaingia. Ukumbuke ulikuwa mwaka wa biashara kufungwa, hoteli kulala na watu kupunguzwa kazini. Pesa ilikuwa imepungua, ila iliyokuwepo ilizunguka zaidi. Shilingi mia mbili ya Kenya, ambayo zamani mtu angeona aibu kuituma kwa kuwa makato yangeila, sasa ilisafiri. Mwenye kibarua alimgawia aliyekosa kibarua. Katika nchi ambayo wengi hawana bima ya kukosa kazi, mgawo huo wa mia mbili mia mbili ndiyo bima yenyewe.

Kampuni ya simu ililipa gharama, na hilo lisemwe wazi. Katika nusu mwaka iliyoishia Septemba 2020, mapato ya M-Pesa ya Safaricom yalishuka kwa asilimia 14.5. Mwekezaji yeyote angekuna kichwa. Lakini katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2022, mapato hayo yalivuka shilingi bilioni 100 kwa mara ya kwanza. Mteja aliyeingia kwa kuvutwa na bure hakuondoka makato yaliporudi Januari 2021, yakiwa yamepunguzwa, na kutuma hadi shilingi 100 kukiachwa bure. Siwezi kuapa kwamba yote hayo yalitokana na ile miezi tisa. Uchumi nao ulikuwa ukifunguka. Ila anayedai kwamba kupunguza makato ni kuua biashara ana kazi ya kuzieleza tarakimu hizi.

Huku kwetu tulipita njia nyingine. Tanzania haikufunga shughuli kama majirani zake. Mei 2020 Benki Kuu ilipandisha kiwango cha miamala ya simu kwa siku kutoka shilingi milioni 3 hadi milioni 5, na salio la siku kutoka milioni 5 hadi milioni 10. Ni hatua nzuri kwa mfanyabiashara wa jumla. Mama ntilie anayeuza sahani za elfu mbili haikumgusa. Uchumi wetu nao ulitikisika hata bila kufunga milango: watalii milioni 1.5 wa mwaka 2019 walishuka hadi kama laki sita mwaka uliofuata, na ukuaji wa asilimia 7 ukateremka hadi 4.8.

Kisha ikaja Julai 15, 2021. Tozo ya miamala, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kutegemea kiasi, ikawekwa juu ya makato ya kampuni. Ukituma unakatwa, anayetoa naye anakatwa.

Nataka kuwa mwadilifu kwa Serikali hapa, maana hoja yake ilikuwa nzito kuliko tulivyokubali wakati ule tukitumiana vichekesho kwenye WhatsApp. Nchi yenye walipakodi rasmi wachache ina njia chache za kupata fedha zake yenyewe. Kodi ya mshahara inambana yuleyule mwalimu na nesi kila mwaka, forodha inategemea bandari, na utalii ulikuwa umelala. Huku pembeni kuna mfumo unaopitisha matrilioni ya shilingi, unaorekodi kila senti, na usiohitaji afisa wa kodi kugonga mlango wa mtu. Wizara ya Fedha ilitangaza kwamba wiki nne za kwanza zilileta takriban shilingi bilioni 48, na fedha zikaelekezwa kwenye vituo vya afya katika tarafa zisizokuwa navyo na kwenye maboma ya madarasa yaliyokuwa yameota nyasi kwa miaka. Vituo hivyo vipo. Mjamzito aliyekuwa akisafirishwa kwa bodaboda hadi hospitali ya wilaya hatajali sana kwamba jengo analojifungulia limetokana na elfu mbili yangu.

Kwa hiyo mimi sisemi pesa iliibwa. Nasema ilichukuliwa mahali pabaya.

Kodi ya faida humgusa aliyevuna. Tozo ile ilimgusa aliyesogeza pesa tu, hata kama hakuvuna chochote. Pesa ya ada kutoka kwa kaka ilikuwa imeshakatwa kodi kwenye mshahara wake, ikakatwa wakati wa kutuma, ikakatwa wakati wa kutoa, na duka la sare likalipiwa VAT. Tena aliyekuwa na akaunti benki hakuguswa mwaka ule wa kwanza, kwani tozo ilianza kwa pesa za simu peke yake. Mwenye benki mjini alihamisha milioni zake kimya, na asiye na benki akalipia daraja. Ilipofika Julai 2022 ndipo benki nazo zikaingizwa, na ghafla kelele zikawa nyingi zaidi. Nadhani tunaelewa kwa nini.

Watu walifanya nini? Walirudi walikotoka. Bahasha zilirudi kwa makonda wa mabasi, safari za nyumbani zikabeba noti kwenye soksi, na mtu akasubiri hadi pesa ziwe nyingi ndipo atume mara moja. Vodacom Tanzania ilikiri kwa wanahisa wake kwamba tozo imeumiza mapato ya M-Pesa. Serikali nayo ikaanza kurudi nyuma hatua kwa hatua: Septemba 2021 tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, Julai 2022 kiwango cha juu kikashushwa hadi shilingi 4,000, Oktoba mwaka huohuo miamala kadhaa ya benki ikaachiwa, na bajeti ya 2023/24 ikaifuta kwenye kutuma. Ghana ilipita njia hiyohiyo kwa mlango wake: tozo ya miamala iitwayo E-levy, asilimia 1.5 mwaka 2022, ikashushwa hadi 1, ikafutwa 2025. Wakubwa wawili wa pesa za simu barani, na wote wamejikwaa kwenye jiwe moja.

Upande wa pili wa mizani kuna Togo, nchi ndogo ambayo hatuitaji mara nyingi. Aprili 2020 ilianzisha mpango wa Novissi. Mtu alipiga *855#, akajaza namba ya kitambulisho cha mpigakura, na kama anafanya kazi zilizozuiwa na korona pesa ikaingia kwenye simu yake. Hakuna fomu wala foleni kwa mtendaji. Wanawake Lomé walipewa faranga 12,250 kwa mwezi na wanaume 10,500, kwa hoja kwamba mwanamke ndiye anayelisha nyumba. Baadaye, kuwafikia maskini wa vijijini, walitumia picha za setilaiti na takwimu za matumizi ya simu kukisia ni kata zipi zina hali mbaya zaidi. Lina kasoro hilo. Fukara kuliko wote ndiye asiye na simu, na kompyuta inayokisia umaskini wa mtu kwa jinsi anavyopiga simu haina mahali pa kukatia rufaa. Hata hivyo mfumo uleule wa simu ambao sisi tuliuona kama mrija wa kunyonyea, wao waliutumia kama mrija wa kunyweshea, tena ndani ya wiki chache.

Wapo wanaosema tunaipamba mno pesa ya simu. Utafiti maarufu wa wachumi Tavneet Suri na William Jack wa mwaka 2016 ulikadiria kwamba M-Pesa ilizitoa kaya 194,000 za Kenya kwenye ufukara, yaani asilimia 2 ya kaya zote. Wakosoaji wamehoji mbinu zake, na wakauliza kama kuongezeka kwa vibanda vya mtaani ni maendeleo au ni msongamano wa maskini wanaouziana. Swali hilo la mwisho linaniuma. Tembea barabara yoyote ya Mbagala uhesabu vibanda vya wakala. Ni ajira, ndiyo. Lakini ni vijana wangapi wamekaa juu ya stuli kutwa nzima wakisubiri kamisheni ya kumtolea jirani pesa yake mwenyewe? Na siku pesa itakapokuwa haina haja ya kutolewa, kwa kuwa kila duka linapokea kwa lipa namba, vijana hao wataenda wapi? Wanaotaka uchumi usio na noti hawalisemi hilo.

Giza kubwa zaidi liko kwenye mikopo. Mtaani tunaiita kausha damu, na korona iliipa simu janja. Biashara imekufa, mtaji umeliwa, programu inakuahidi pesa ndani ya dakika tano bila dhamana. Dhamana ipo, ni orodha ya majina kwenye simu yako. Ukichelewa siku mbili, bosi wako, shemeji yako na mchungaji wako wanapokea ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Kenya ilizitungia kanuni kampuni hizo mwaka 2022. Kwetu, Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kuchelewa huko kuna bei, na waliolipa ni walewale waliokuwa wakijaribu kusimama tena. Tozo tuliipigia kelele kwa sababu ilitupata wote siku moja. Aibu ya mkopo humpata mtu akiwa peke yake, naye hunyamaza.

Kuna jambo jingine nitalitaja kwa kifupi, ingawa lina uzito. Uganda ilifunga shule karibu miaka miwili, hadi Januari 10, 2022, na masomo ya mtandaoni yakawafaa wenye mtandao. Mwaka huohuo wa 2021 ambao watoto waliambiwa wasome kwa intaneti, nchi ilizima intaneti wakati wa uchaguzi wa Januari, na Julai ikaweka kodi ya asilimia 12 kwenye bando. Sisi tusicheke, Oktoba 2025 mtandao wetu ulizimwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi, na muuza nguo wa Instagram akafunga duka ambalo halina mlango. Mwekezaji wa mtaji mdogo hujiuliza kama swichi iko mikononi mwa mtu anayejali hasara yake.

Mtu ataniuliza, basi Serikali ipate wapi fedha? Faida za kampuni za simu zinajulikana, zinakaguliwa, na zinatozwa kodi tayari. Hapo pana nafasi ya mazungumzo. Miamala mikubwa ya kibiashara nayo inavumilia. Lakini kutumiana hadi elfu hamsini kungeachwa huru, kwa serikali na kwa kampuni pia, kwa sababu huko ndiko uchumi wa wengi unakopumulia. Najua ubishi utakaokuja: wajanja watakata milioni moja vipande ishirini. Mfumo unaojua nilituma nini saa ngapi na kwa nani unaweza kuona vipande ishirini. Uliweza kunikata shilingi kumi.

Lipa namba nayo ina ugonjwa wake. Mangi, mwenye duka wa mtaani kwangu, anayo, kibandiko kiko ukutani nyuma ya boksi la sabuni. Ukitaka kulipia kwayo anakuuliza kwa upole kama huna keshi. Mara anasema makato, mara anasema mtandao unasumbua. Siku moja akanieleza ukweli: anaogopa siku TRA, mamlaka ya mapato, watakapoichapisha orodha ile na kuyaita mauzo yake yote faida. Nilitaka kumwambia haitakuwa hivyo, nikakumbuka Julai 2021, nikatoa noti.