Taa tunazo, muda wa kuzipanga hatuna

Ninafanya kazi ya taa za jukwaani hapa Hamburg. Ndugu wa Dar wakiniuliza Wazungu wanatuzidi nini kwenye fani hii, jibu langu huwa haliwaridhishi: si vifaa. Zile LED za Kichina zilizojaa kwenye kumbi za Sinza zinatii DMX512, lugha ileile ya mitambo iliyotungwa Marekani mwaka 1986 na inayoendesha taa za majumba ya maigizo ya huku. Wanachotuzidi ni mazoezi ya taa. Huku watu husimamishwa jukwaani badala ya waigizaji, wakae tu, huku sisi tunabishana rangi ibadilike kwa sekunde nne au saba.

Ubishi huo una sababu. Kwa kawaida kila rangi ina ngazi 256 za mwanga, yaani 0 hadi 255. Kule juu ukishuka ngazi moja hakuna anayegundua, lakini ukifika 3, 2, 1, jicho linaona taa inarukaruka. Balbu za zamani zilisitiri kasoro hiyo kwa sababu waya wake hupoa polepole. LED hutii papo hapo. Dawa ni kuipa rangi moja chaneli mbili, yaani njia mbili za kupokea amri badala ya moja, upate ngazi 65,536, kama taa inaruhusu. Tena usiitoe nyekundu kwenda kijani moja kwa moja, maana katikati utapata njano iliyofifia, chafu. Mimi hupitishia kaharabu kwanza, ndiyo inayopendeza ngozi zetu.

Sasa tazama harusi zetu. Bibi harusi anaingia, taa zimeachwa zifuate mdundo wa spika, nyekundu, kijani, bluu, na uso wake mzuri mweusi unatoka wa kijivu kwenye video atakayoitazama maisha yake yote. Inaniuma sana. Fundi hana kosa. Amefungua mlango saa kumi na moja jioni, watu wa mapambo bado wako juu ya ngazi.

Na mafundi wetu ni hodari. Bendi ikirefusha sebene, vidole vyao vinaifuata bila kuambiwa, wakati huku maonyesho mengi yamerekodiwa mwanzo hadi mwisho na mtu anabonyeza kitufe tu.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa kamati za harusi. Kwenye bajeti taa zisifichwe ndani ya fungu la muziki. Mlipeni fundi taa kivyake, mapambo yaishe saa nane mchana, halafu mpeni saa mbili za ukumbi mtupu na dada mmoja wa kukaa kwenye kiti cha bibi harusi.