Nakala 30 zenye namba, au chapa kwa kila anayetaka?

Mwalimu wa sanaa anayechapa picha kwa lino (linoleamu inayochongwa, ikapakwa wino na kukandamizwa kwenye karatasi) Arusha au Moshi hufika mahali akalazimika kuamua. Achape nakala 30, azitie namba na saini kwa penseli, kisha aharibu bamba alilolichonga? Au aendelee kuchapa kila anapopata mnunuzi, kwa bei ambayo mzazi wa mwanafunzi wake anaimudu?

Elizabeth Catlett, msanii mchapaji na mchongaji, alizijua njia zote mbili. Alizaliwa Washington mwaka 1915, na mwaka 1946 akaenda Mexico, ambako alijiunga na Taller de Gráfica Popular, karakana iliyoanzishwa mwaka 1937 ili picha ziwafikie wafanyakazi na wakulima. Walichapa mabango na vipeperushi kwenye karatasi ya bei nafuu. Kwa kazi ya namna hiyo, kuweka ukomo wa nakala kungewanyima walengwa wenyewe. Lakini picha yake mashuhuri aliyoichonga mwaka 1952, ya mwanamke mkulima mwenye kofia pana na koti lililobanwa kwa pini, ilichapwa upya karibu mwaka 1970 kwa nakala chache zenye saini, na leo zinatunzwa katika makumbusho makubwa ya Marekani.

Wanaotetea namba wana hoja nzito. Mtalii anayepita Mnara wa Saa hulipa zaidi akijua picha haitarudiwa. Tena namba humfundisha mchapaji nidhamu, kwa kuwa nakala ya 30 lazima ilingane na ya kwanza. Hapo ndipo kazi ilipo. Wino ukizidi kwenye rola, mistari myembamba huziba. Ukipungua, weusi hujaa vidoa vyeupe. Asiye na presi husugua mgongo wa karatasi kwa mwiko, na hapo karatasi ya gramu 80 hadi 120 kwa mita ya mraba inafaa. Ya gramu 200 na zaidi hugoma kupokea wino sawasawa. Baridi ya Juni na Julai hukaza lino, bobari, yaani patasi ya kuchongea, ikateleza na kingo zikamegeka, hivyo bamba lianikwe juani kidogo kabla ya kuchonga. Masika nayo huchelewesha wino wa mafuta kukauka. Ukizirundika nakala mapema, zinachafuana. Kwa hiyo anayetaka 30 safi akate karatasi 40.

Upande wa pili unanigusa zaidi. Bamba la lino likitunzwa hutoa mamia ya nakala, na kuliharibu baada ya 30 ni kuutengeneza uhaba kwa makusudi. Catlett alifundisha uchongaji katika chuo kikuu cha taifa cha Mexico kuanzia mwaka 1958 hadi 1975, na naamini mwenye mshahara wa ualimu ana nafasi ya kuchapa kwa wengi kuliko anayeishi kwa mauzo pekee. Huyo wa pili simlaumu akichagua namba. Kodi ya chumba haisubiri.

Mwenye kutaka zote mbili aanze na nakala zenye namba, kwenye karatasi nzuri, kingo za bamba zikiwa bado kali. Baadaye achape zisizo na namba kwa rangi nyingine, kwenye karatasi ya kawaida. Na mnunuzi wa nakala yenye namba aambiwe mpango huo kabla hajatoa hela.