Si Pampasi

Kwa kuwa Ouma, tuliyekuwa naye botini, ameshaitangaza habari yangu ya ziwani katika magrupu matatu, likiwamo la chama, wacha niisimulie mwenyewe. Kwanza, sikulia. Mvua ilikuwa inanyesha.

Juzi Jumamosi nilimpeleka mama mkwe, mgeni wetu kutoka Nakuru, akaone Ziwa Victoria. Nahodha wa Dunga, ufuko wa Kisumu, alitaka twende asubuhi, kabla upepo haujaamka. Mimi nikawachelewesha watu nikingoja samaki, ngege wa kukaanga, tukaondoka saa tisa alasiri. Nahodha akatazama weusi juu ya milima ya Nandi, akasema, "Ile ikishuka haibishi hodi." Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa maji. (Mimi ni wa Bungoma. Maji yetu ni ya kunyweshea ng'ombe.) Jaketi la kuokolea nikalikalia, maana lingefunika shati jipya kwenye picha.

Tulikuwa tumeyapita magugumaji, ule upepo wa ziwani ukakatika ghafla. Ukaja mwingine wa baridi kutoka nchi kavu, na mawimbi nyuma yake. Nahodha akapunguza injini, akaielekeza omo, yaani mbele ya boti, kwenye mawimbi yasitupige ubavuni, akapaza sauti: "Kaeni chini kabisa! Asisimame mtu!"

Nikasimama.

Hapa ndipo Ouma anapotia chumvi, ingawa ilikuwa imeshakolea. Nililichomoa jaketi, nikaona matundu mawili. Akili ikaniambia: miguu. Nikaingiza wa kulia. Nikaingiza wa kushoto. Nikalipandisha mpaka kiunoni, nikafunga kifungo, klik, nikajisikia salama kabisa. Boti zima kimya. Nadhani hata radi ilingoja.

Nahodha akapaza tena: "Bwana, hiyo ni jaketi, si pampasi! Ukianguka nayo utaelea miguu juu!"

Wimbi likanibwaga. Mapajani mwa mama mkwe. Wenzangu wa Bungoma, ambako mama mkwe hata mkono hampeani, najua mmeshika vichwa. Yeye jaketi lake lilikuwa limefungwa tangu ufukweni. Hakusema neno. Akafungua, klik, akanivua mguu mmoja mmoja kama anavyomvua mjukuu, akanipitisha mikono, akakaza mikanda, akanifuta kamasi. Hiyo kamasi Ouma hakuiona. Nimejichoma mwenyewe.

Dhoruba ilipita, tukafika, samaki akaliwa baridi. Jana mama mkwe amepiga simu kwamba amefika Nakuru salama. Kisha akamuuliza mke wangu mimi huvaa saizi gani.