Nyabo, Chuma Si Chako

Jumamosi asubuhi, kwenye jimu moja hapa Kampala ambayo sitaitaja jina, dada mmoja aliingia na raba mpya, lebo bado inaning'inia. Akaelekea kwenye vyuma. Hajafika, kocha akamdaka: "Nyabo (yaani bibie), huko utatoka na mabega ya mwanajeshi. Panda mashine ya kukimbia, uchome tumbo kwanza." Dada akageuka bila neno, akatembea saa nzima juu ya ule mkanda akitazama ukuta. Leo Jumanne, hasira yangu bado ya moto.

Mabega ya mwanajeshi! Mwaka wa tatu huu nanyanyua na gauni zangu zote bado zinapita. Testosteroni ya mwanamke, ile homoni ya kiume inayokuza misuli, ni kidogo mno kumtunisha kwa bahati mbaya. Wanaume wanayo tele na wanahangaika miaka. Nyanya yangu kule Busia alibeba jerikeni ya lita 20 kichwani, kilo 20 hizo, mtoto mgongoni, kila siku ya Mungu. Hakuna kocha aliyemfuata kisimani. Sisi wajukuu tunapewa vidambeli vya kilo 2, rangi ya waridi.

Uchungu wangu una sababu. Mwaka juzi niliacha posho (ugali), matoke, chapati, hata sukari ya chai, nikaishi kwa dodo (mchicha) na yai moja kama mfungwa. Wiki ya kwanza kilo tatu zikaondoka, nikautangazia ukoo mzima. Kumbe mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini pamoja na maji mengi. Akiba ikiisha, maji nayo huenda. Nilikuwa nasherehekea mkojo. Tena mwili wenye njaa, usiopewa protini wala kazi nzito, hula na misuli yake. Baada ya miezi minne nilikuwa mwembamba, sawa, lakini mtungi wa gesi ulinishinda ngazini. Kilo ziliporudi, zilirudi tumboni.

Chuma ndicho kinachouambia mwili kwamba misuli hii bado ina kazi, usiiguse. Kuchuchumaa na mzigo, kuinua kutoka chini, kusukuma, kuvuta, na kuongeza uzito kidogo kidogo. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wazima wafanye mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki. Watu wazima, kocha, si wanaume. Mwaka huohuo, wakati wa korona, Rais Museveni alipiga pushapu kwenye video, na miaka yake 75, tukashangilia. Bibi wa umri ule angepiga pushapu, tungemwitia mchungaji.

Kuhusu sahani, hapa Uganda tatizo limo kwenye neno lenyewe. Chakula ni matoke, posho, wali, viazi, muhogo; samaki na maharage ni mchuzi tu. Kibandani ukiulizwa "chakula gani?" unajibu "vyote", vinarundikwa vitano, samaki amejibanza pembeni kama mgeni asiyealikwa. Mimi naagiza kinyume: samaki mzima au mukene (dagaa) wa karanga, mboga za majani za nakati nyingi, ovakado, matoke vidole viwili. Mama wa kibanda ananitazama kama mgonjwa. Bei hapunguzi hata shilingi.

Haya, shingo upande nakubali, wanga si sumu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliotoka 2018 ulifuatilia watu 609 kwa mwaka mzima: waliopunguza wanga walishuka kilo 6.0 kwa wastani, waliopunguza mafuta 5.3, tofauti ndogo isiyothibitisha lolote. Kwa hiyo rolex yako ya Ijumaa, ile chapati ya kukunja na mayai, wewe kula tu. Mimi wanga naupunguza ili protini ipate nafasi, maana ndiyo inayonishibisha. Na wewe unayetumia dawa za kisukari, ongea na daktari kwanza, sukari isije ikashuka ikakuangusha.

Dada wa raba mpya, kama unasoma hapa, Jumamosi saa mbili asubuhi nitakuwa kwenye kona ya vyuma. Kocha niachie mimi.